Stempu ya Maji Isiyo na Maji

"Maji yako wapi?"

Aliyeniuliza ni Bibi Subilaga wa Nkunga, mchoro wangu ukiwa mikononi mwake, ameushika kama mtu aliyebeba sinia la moto. Nilikuwa nimemletea aone mchoro ambao baadaye ungekuwa stempu ya maji. Ulikuwa na miti, mizizi, majani mapana ya bondeni na kivuli kizito katikati. Aliutazama, akaugeuza nyuma kama vile huenda nimeyaficha huko, kisha akaurudisha mbele na kunisubiri. Mwanawe, Lusekelo, alikuwa amesimama mlangoni anacheka bila sauti. Mimi ambaye chuoni walimu walikuwa wananiruka kwa makusudi nikinyoosha mkono, siku hiyo nilianza kujitetea kama mwanafunzi aliyechelewa.

Nawaandikia nyinyi mnaochora kwa kompyuta, mnaoniuliza mara kwa mara kazi ya stempu ilikuwaje. Msinifikirie ajuza. Sikustaafu kwa umri, stempu ndizo zilizostaafu kabla yangu, nikabaki na brashi mkononi kama mtu aliyefika harusini watu wameshakula. Lakini niliifanya kazi hiyo kwa miaka ya kutosha kujua mambo mawili matatu, na mengi niliyajua kwa sababu ya stempu moja tu.

Kwanza mjue ukubwa. Stempu ni kama kidole gumba cha mtu mzima, lakini haichorwi hivyo. Tulichora kubwa, kisha kiwandani wanaipunguza. Hapo ndipo wanafunzi wengi wanapoumia. Unachora ndege mwenye kila unyoya, ikipunguzwa unabaki na doa. Mzee Kassian, aliyekuwa mkuu wetu wa uchoraji, alikuwa na darubini kuukuu ambayo hakuwahi kuangalia nayo chochote cha mbali. Aliishika kinyume. Anaubandika mchoro wako ukutani, anarudi nyuma, anautazama kwa upande usiofaa wa darubini mpaka unakuwa mdogo kama stempu, halafu anasema alichoona. Siku ya kwanza alisema kuhusu twiga wangu, "Naona ngazi." Nilitaka kuacha kazi.

Jambo la pili ni wakwe. Ndivyo Mzee Kassian alivyoviita jina la nchi na thamani ya stempu. Huwezi kuvifukuza, huwezi kuvibana pembeni, na lazima vikae mahali pa heshima hata kama vinakuharibia sebule. Unavitengea nafasi kwanza, ndipo unapanga vitu vyako. Kisha kuna meno ya pembeni, ambayo yanakula chochote ulichokisogeza karibu nayo. Na kuna muhuri wa posta. Muhuri hupigwa pembeni, kwa hiyo kitu chako cha thamani unakiweka upande wa pili. Ndivyo nilivyofundishwa. Tutakuja kuona karani wa posta alivyofundishwa yeye.

Seti niliyopewa ilikuwa ya kuhamasisha utunzaji wa mazingira, stempu nne, zote kutoka wilaya ya Rungwe. Nilikuwa mpya, nimetoka chuo na ulimi mkali, na swali langu la kwanza kwenye kikao lilikuwa: kuna mtu yeyote anayepinga kutunza mazingira? Kama hakuna, tunamhamasisha nani? Waliokuwepo waliangalia chai zao. Mzee Kassian akasema swali ni zuri, na kwa kuwa ni zuri, basi niende nikaliulize huko huko Rungwe.

Nikafikia Tukuyu, kwenye gesti ndogo ya mtaa wa Makandana, ya mama mmoja mfanyabiashara, Bi Zaituni, aliyeuza pia vitenge na vyombo vya plastiki barazani. Alikuwa mkarimu kwa vitendo na mkali kwa maneno. Ninyi mliozoea kubonyeza kitufe cha kufuta hamwezi kujua mateso ya kupaka rangi za maji Tukuyu. Mvua inanyesha, ikichoka unakuja ukungu, ukungu ukiondoka mvua imeshapumzika. Rangi haikauki. Unapaka jani asubuhi, mchana bado linatembea kwenye karatasi. Kwa hiyo huko mashambani nilichora kwa penseli tu, narudi gesti kupaka rangi. Nachota maji kwenye bomba la uani kwa kikombe cha bati, napaka, kisha nainyanyua karatasi juu ya jiko la mkaa la Bi Zaituni.

"Leo unakaanga nini?" alikuwa ananiuliza.

"Msitu, mama."

"Usiunguze. Na kikombe changu ukirudishe kabla hakijaota ukoka."

Stempu tatu zilikwenda vizuri. Nilichora mianzi, nikachora nyuki na mzinga, nikachora shamba la migomba lililoshikilia udongo kwenye mteremko. Ya nne ilikuwa maji. Kila mtu niliyemuuliza alinipeleka kwenye maporomoko au ziwani, na kila nilipofika nilijikuta nawaza kwamba picha hii ipo kwenye kalenda ya kila duka la mjini. Mwisho mwendesha pikipiki aliyekuwa ananizungusha alichoka, akasema twende Nkunga kwa bibi mmoja, yeye ana maji yake.

Maji yake yalikuwa chini ya kichaka cha miti mikubwa, bondeni nyuma ya nyumba yake. Mkuyu mmoja ulikuwa na mizizi iliyonyanyuka kama kuta. Chini kabisa, mwanzi uliopasuliwa ulikuwa unatoa maji kwenye ndoo, na watu wa nyumba za jirani walikuja kuchota hapo. Baada ya ndoo maji yaliteremka hatua chache, yakaingia kwenye ufa wa mwamba, yakapotea. Niliuliza yanakwenda wapi. Bibi akasema yanakwenda yanakokwenda.

Nikataka kuliona jicho lenyewe, mahali maji yanapozaliwa. Nilipanda juu ya mwanzi nikaanza kusogeza majani. Bibi Subilaga alinishika kiwiko. Hapafunuliwi, aliniambia. Majani yanayoanguka pale hubaki pale, panga haliingii, na mtu haangalii jicho la maji likiwa wazi.

"Kwa nini, bibi?"

"Sijui."

"Hujui kabisa?"

"Mama yangu alinikataza. Naye alikatazwa. Niliuliza kama unavyouliza, nikachapwa. Wewe una bahati, mimi sina nguvu za kuchapa."

Nilimpenda tangu hapo. Nilikuwa nimeshakutana na watu wengi sana waliojua kila kitu.

Basi nikajaribu kuchora ule mwanzi na maji yakimwagika kwenye ndoo. Nikaenda na mchoro gesti, nikaupaka rangi, nikaurudisha. Bibi aliuangalia akacheka mpaka akakaa chini. "Umechora mtu anakojoa," alisema. Nilipoutazama kwa mbali nikaona kweli, na nikajua Mzee Kassian na darubini yake wangeona hicho hicho.

Sasa nimlete Lusekelo, maana bila yeye hii ingekuwa hadithi ya uchoraji tu. Alikuwa mtoto wa mwisho wa bibi, baba wa familia, mchapakazi na mwenye mzaha. Nyuma ya jiko alikuwa ameotesha miche ya parachichi kwenye viriba, mistari kwa mistari, imesimama vizuri kama wanafunzi wa darasa la kwanza. Kila mtu Rungwe alikuwa ameanza kupanda parachichi. Yeye shamba lake lilijaa migomba na chai kidogo, na mahali pekee palipobaki ni lile bonde lenye kichaka. Mvua kubwa zikianza, angekata miti ile na kupanda. Ndugu wa ukoo walikuwa wameshakubali. Aliyekuwa hajakubali ni mama yake peke yake, naye hakuwa na hoja zaidi ya lile katazo alilochapwa kwa kuliuliza.

Siwezi kuwadanganya kwamba Lusekelo alikuwa mjinga au mlafi. Hoja zake zilikuwa nzito kuliko zangu. Alinipeleka kwenye miche yake, akaniambia watoto wanasoma, ndizi bei yake ni ya kubahatisha, na chai ndiyo usiseme.

"Dada, wewe umesoma," alisema. "Nikikata hii miti, maji yatakauka?"

"Inawezekana."

"Inawezekana siyo jibu. Hapa mvua inanyesha mpaka kuku wanaota ukungu. Umewahi kusikia mtu wa Tukuyu kafa kwa kiu?"

"Sijasikia."

"Na haya maji, ukiacha sisi wa nyumba hizi chache, yanamsaidia nani? Si umeona yanaingia kwenye jiwe?"

Hilo nalo sikulijua. Ningeweza kumtajia mistari ya vitabuni kuhusu vyanzo vya maji, lakini alikuwa ananiuliza kuhusu hiki hapa, na mimi sikuwa na ushahidi wowote wa hiki hapa. Nikamwambia sijui. Alishangaa kidogo, nadhani alitegemea mabishano.

Siku niliyoleta mchoro wa mwisho, ule wa miti na kivuli, ndiyo siku bibi alipouliza maji yako wapi. Nilikuwa nimejiambia kwamba kama hapafunuliwi, nami sitafunua. Nitachora kile kivuli, na mtu mwenye akili ataelewa. Sasa mwenye maji mwenyewe hakuelewa, au alielewa akaamua kunitesa. Nilijitetea kwamba yeye ndiye aliyenikataza kuyaangalia. Akasema ndiyo, alikataza kuangalia, hakukataza kuchora. Mpaka leo sijui ningechoraje nisichokiona.

Kisha akamgeukia Lusekelo. Aliongea Kinyakyusa, na alipomaliza akanirudia kwa Kiswahili ili nami niwe shahidi. Alimwambia kwamba huyu binti amekuja kutoka mbali kuchora mahali hapa, na picha itatembea. Si vizuri picha itembee ikionyesha miti wakati miti imeshakatwa. Itakuwa uongo, na uongo huo utatoka nyumbani kwake.

Lusekelo alifikiri, akakuna kidevu. "Sawa, mama. Nasubiri itoke. Ikitoka tu, siku hiyo hiyo naingia na panga. Picha itakuwa imeshasema kweli yake."

"Ndaga fijo," bibi akamshukuru.

Nadhani mmeona nilivyokuwa nimenaswa. Ile ilikuwa seti yangu ya kwanza. Kila mchoraji anataka seti yake ya kwanza itoke, anaota kuilamba mwenyewe na kuibandika kwenye bahasha ya mama yake. Na siku yangu ya kutoka ndiyo ingekuwa siku ya mwisho ya mkuyu ule.

Nilirudi ofisini nikamsimulia Mzee Kassian kila kitu, hata la mtu anayekojoa. Alibandika michoro minne ukutani, akashika darubini yake kinyume. Mianzi ikapita, nyuki wakapita, migomba ikapita. Alipofika kwenye maji akakaa sana.

"Naona giza," alisema.

"Ndilo nililolichora."

"Giza halijaiva. Kachore tena."

Nikachora tena. Akasema sasa limeiva mno. Nikarudia. Akasema mzizi wa kushoto unamkanyaga mkwe, yaani umegusa thamani. Nikausogeza. Akasema sasa mkuyu unaegemea kama mlevi. Wajumbe wa kamati nao walipouona waliuliza lile lile la bibi, maji yako wapi, na mmoja akapendekeza niweke bluu kidogo. Nikawauliza kama wao, wanapofungua bomba asubuhi, huwa wanakiona chanzo chake. Ukazuka mjadala, kikao kikaahirishwa, kikao kilichofuata kikaanza mjadala upya. Mwisho ule mchoro wangu wa kwanza wa miti na kivuli, niliokaanga kwenye jiko la Bi Zaituni, ndio uliokubaliwa bila kubadilishwa hata jani. Mingine yote niliyochora katikati iliishia kabatini.

Nilikasirika sana. Nilimuuliza Mzee Kassian kwa nini alinizungusha kama giza lilikuwa limeiva tangu mwanzo. Akafuta darubini kwa shati, akaniambia stempu haiharakishwi. Niliwaza kwamba ni ukaidi wa uzee. Baadaye niliwaza jambo jingine, lakini alikuwa ameshaondoka kazini, na nilipokwenda kumsalimia kwake nikamuuliza waziwazi kama alifanya makusudi, alinikaribisha chai. Sina ushahidi. Ninachowaambia ni kwamba stempu nyingine za wakati ule hazikuchelewa hivyo.

Stempu ilipokuja kutoka, mvua kubwa zilikuwa zimeshapita na kurudi. Sikusherehekea. Niliandika anwani ya bibi kupitia shule ya kijiji, nikabandika stempu ya maji kwenye bahasha, nikaweka nyingine ndani, nikatuma, halafu nikapanga safari kwa visingizio. Nilitaka kufika kabla ya panga, ingawa sikujua nikifika nitasema nini kipya.

Bahasha ilifika kabla yangu. Bibi alikuwa ameiweka nyuma ya kioo cha kabati. Karani fulani wa posta, Mungu amlinde, alikuwa ameupiga muhuri katikati ya msitu kabisa, kwa nguvu za mtu anayeua nge. Mkuyu haukuonekana. Kilichonusurika ni jina la nchi na thamani, wakwe wamekaa salama. Kwa hiyo sheria ya Mzee Kassian kuhusu muhuri ifuateni, lakini msiiamini.

Nikateremka bondeni roho juu. Miti ilikuwepo. Yote. Lusekelo nilimkuta mgongoni mwa kilima, juu ya nyumba, anapalilia.

Miche ndiyo iliyomshinda kusubiri, alinieleza. Ilirefuka kwenye viriba, mizizi ikatoboa plastiki, mama anasema picha haijatoka, picha haijatoka. Akaona itamfia. Akang'oa migomba iliyozeeka huko juu, akapanda kwa hasira, akijua pale ni pakavu na hapafai. Michache akaipanda kwa wizi pembeni mwa bonde, karibu na kichaka, aione itakavyokuja. Ile ya bondeni ikageuka njano, mizizi ikaoza. Ya juu ikachangamka.

"Kumbe parachichi haipendi kulowa miguu," alisema. "Ningekata ile miti yote, leo ningekuwa na bonde la miche iliyokufa. Nyinyi watu wa stempu ni wavivu kweli kweli. Asanteni."

Sijawahi kupokea sifa nzuri zaidi kazini. Nilikwenda Rungwe nikiuliza stempu ya mazingira inamhamasisha nani, nikarudi na jibu ambalo siwezi kuliweka kwenye ripoti: ile haikumhamasisha mtu, ilichelewa tu, na ucheleweshaji ule ukampa mtu nafasi ya kujionea. Mkiambiwa na wateja wenu kwamba picha moja itabadilisha nchi, ulizeni itabadilisha kwa njia gani. Ulizeni hata mkichukiwa. Na mkikutana na mtu anayesema sijui, kaeni naye.

Bibi Subilaga aliitoa ile stempu ya pili, isiyo na muhuri, akaiweka kwenye kiganja na kuisogeza mbali na macho, karibu na macho, mbali tena. Nikajua linakuja.

"Ni nzuri, mwanangu. Ila maji bado sijayaona."

Tulicheka wote. Tuliagana hivyo, na kila nilipompigia simu Lusekelo kuwasalimia, bibi alikuwa anadakia kwa nyuma kuuliza kama nimeshayapata. Alikuwa anauliza hivyo mpaka uzee ulipomchukua.

Miaka ikapita. Darubini ikaja kurithiwa na mimi, kisha kazi yenyewe ikaisha. Siku moja Lusekelo alinipigia, sauti juu kama mtu anayeongea katikati ya mvua. Wataalamu wa maji walikuwa wamefika Nkunga. Mji unakua, walitaka kujua bomba linaloteremka Makandana linalishwa na nini huko juu, na wanayo njia yao: wanamimina kwenye chemchemi rangi maalumu isiyodhuru mtu, halafu wanakaa chini wanasubiri itatokea wapi. Walikuja mpaka kwenye kichaka. Lusekelo aliwaruhusu kwa sharti moja, wamimine bila kufunua majani. Walipomuuliza kwa nini, aliwajibu hajui, alikatazwa na mama yake.

Rangi iliingia kwenye jicho la maji, ikapita kwenye mwanzi, ikateremka kwenye ule ufa wa mwamba na kupotea. Ikaibuka upande wa pili wa mlima, kwenye chanzo cha bomba lile lile linalofika hospitali ya pale Makandana, maduka yake, na ua wa gesti ya Bi Zaituni. Yaani kila jani la mchoro ule wa stempu, na lile giza la katikati, nililipaka kwa kikombe cha maji yaliyotoka chini ya mkuyu wa Bibi Subilaga.